Sauti ya Mchezaji na Shambulio la Zimwi

Mwaka 1994 watafiti watatu, Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika mbuga ya Serengeti, Tanzania. Ngurumo za simba majike wageni zilinaswa kwanza, kisha zikapigwa kwa spika mahali walipokuwapo simba majike wenyeji. Mara nyingine ilipigwa ngurumo ya simba mmoja, na mara nyingine ngurumo za simba watatu kwa pamoja. Ikaonekana kwamba wenyeji hawakukurupuka ovyo. Waliposikia mgeni mmoja walikuwa wepesi zaidi kumwendea. Waliposikia watatu walisitasita. Na kadiri wenyeji wenyewe walivyokuwa wengi, ndivyo walivyozidi kuthubutu. Ngurumo zile hazikutoka kinywani mwa mgeni yeyote bali katika spika. Hata hivyo sauti iliyonaswa ilitosha kuamua kama simba wataufuata mlio au watakaa.

Baadhi ya michezo ya video ya siku hizi imejengwa juu ya jambo hilo hilo, ila humo mambo yamegeuzwa. Mwindaji ni programu ya kompyuta iliyovikwa umbo la zimwi, na anayewindwa ni mtu aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta au televisheni. Sauti halisi ya mtu huyo hupita katika maikrofoni, hugeuzwa kuwa hesabu, na hesabu hiyo hushiriki kuamua zimwi litashambulia lini na litatokea upande gani. Iko pia michezo ambamo sauti ya mchezaji hunaswa, huwekwa akiba, na baadaye hutolewa tena kutoka kinywani mwa zimwi ili kuwahadaa wenzake. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la burudani tu linagusa haki ya mtu juu ya sauti yake na nafasi ya lugha anayoisema.

Sikio la kwanza

Wazo la kumpiga adui kwa sauti ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Julai mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mashine ya michezo iliyoitwa Famicom. Mashine hiyo ilikuwa na vishikio viwili vya kuchezea, na kile cha pili kiliwekewa maikrofoni ndogo. Mtu aliposema ndani yake, sauti yake ilisikika katika spika ya televisheni. Na zaidi ya hapo, programu ya mchezo iliweza kuuliza kama maikrofoni inapata sauti au haipati. Jibu lilikuwa la namna mbili tu: ndiyo au siyo. Katika lugha ya kompyuta, hilo ni jibu la biti moja.

Mwezi Februari mwaka 1986 mchezo wa The Legend of Zelda ulitolewa nchini Japani kwa ajili ya mashine hiyo. Miongoni mwa maadui waliomo yupo mmoja mwenye masikio makubwa kama ya sungura, aitwaye Pols Voice. Ilikuwa kazi ngumu kumuua kwa upanga. Lakini mchezaji aliyepiga kelele katika maikrofoni ya kishikio cha pili aliweza kumwangamiza.

Mchezo huo ulipofika Marekani mwaka 1987, mashine iliyouzwa huko haikuwa na maikrofoni katika vishikio vyake. Watengenezaji waliibadili kanuni: adui yule sasa aliuawa kwa mshale. Lakini kitabu cha maelezo kilichofuatana na mchezo kiliendelea kusema kwamba adui huyo huchukia kelele. Mchezaji aliyekisoma alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba filimbi aliyoipata ndani ya mchezo ingemsaidia. Nayo haikusaidia kitu. Maneno yalibaki ingawa sikio lilikuwa limeondolewa. Mwaka 2007, katika mchezo mwingine wa Zelda uliotengenezwa kwa mashine ya mkononi yenye maikrofoni, adui yule yule alirudi, na kelele za mchezaji zikawa silaha tena.

Kisa hiki kina fundisho la msingi. Adui wa mchezo hana sikio. Ana kile tu ambacho mashine imeweza kupima na programu imeagizwa kukijali. Kipimo kikiondolewa, kelele zote za dunia hazitamtikisa.

Kutoka hewani hadi tarakimu

Sauti ni mtetemo unaosafiri katika hewa. Mtu anaposema, nyuzi za koo lake hutetemeka na kuisukuma hewa iliyo karibu. Hewa hiyo huisukuma inayofuata, na msukumo huo huenda mbele kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya njema husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi 20,000 kwa sekunde.

Ndani ya maikrofoni mna utando mwepesi. Hewa inapobanwa utando huingia ndani, na inapolegea hutoka nje. Na mwendo huo hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka vivyo hivyo. Mpaka hapo sauti ingali kitu kisichokatika, kama maji ya mto. Kompyuta haiwezi kukishika kitu cha namna hiyo mpaka kikatwe vipande. Kwa hiyo umeme hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kipimo kimoja huitwa sampuli. Santuri za kompakti hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde. Kwa maneno ya mtu sampuli 16,000 kwa sekunde hutosha vizuri. Kanuni ni kwamba idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya mitetemo ya juu kabisa inayotakiwa kuhifadhiwa.

Aghalabu kila sampuli huandikwa kwa biti 16, ambazo zaweza kutofautisha ngazi 65,536, kuanzia hasi 32,768 hadi chanya 32,767. Biti 16 ni baiti mbili. Hivyo sekunde moja ya maneno hutaka baiti 32,000. Famicom ya mwaka 1983 ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu. Sekunde moja ya sauti ya mchezaji ingehitaji nafasi karibu mara 16 ya kumbukumbu hiyo yote. Hii ndiyo moja ya sababu kwa nini sikio la zamani lilikuwa la ndiyo na siyo peke yake, na kwa nini mazimwi yenye kukumbuka sauti za watu yalingoja miaka mingi kabla ya kuzaliwa.

Kupima ukubwa wa sauti

Swali la kwanza ambalo programu hujiuliza si "amesema nini?" bali "amesema kwa nguvu gani?" Haitoshi kuchukua wastani wa sampuli, kwa sababu wimbi la sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake karibu sawasawa, chanya na hasi zingefutana, na mtu apigaye ukelele angeonekana yu kimya. Kwa hiyo kila sampuli huzidishwa kwa yenyewe ili alama ya hasi itoweke, ndipo wastani huchukuliwa, na mwishowe kipeuo cha pili cha wastani huo hutafutwa. Kazi hii hufanywa kwa vipande vifupi vya muda. Kipande cha sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kwa mfano, kina sampuli 800.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya kueleza tu, kwamba mnong'ono wa mchezaji fulani umetoa kipimo cha 300, maneno yake ya kawaida 2,000, na ukelele wake 12,000. Namba hizi zapaswa sasa kuingizwa katika ulimwengu wa mchezo, ambako zimwi limesimama umbali fulani. Katika uwanja ulio wazi, umbali unapoongezeka mara mbili, msukumo wa sauti hupungua kwa nusu, yaani desibeli 6 hivi. Programu yaweza kuiga tabia hiyo kwa kukigawa kipimo kwa idadi ya mita. Maneno ya kawaida yatakuwa 2,000 kwenye mita 1, 1,000 kwenye mita 2, na 500 kwenye mita 4.

Ikiwa zimwi limepewa kizingiti cha 500, basi litayasikia maneno ya kawaida mpaka mita 4, na ukelele mpaka mita 24. Mnong'ono hautasikika isipokuwa zimwi liwe karibu mno na mchezaji, chini ya mita 1. Mtengenezaji akitaka ukuta upunguze sauti kwa nusu, maneno yatasikika mpaka mita 2 na ukelele mpaka mita 12. Mchezaji hazioni hesabu hizi. Anachojua ni kwamba amejibana nyuma ya mlango, na kwamba mwenzake anamwuliza jambo kwa redio wala yeye hathubutu kumjibu.

Hasira ya zimwi

Kama zimwi lingeshambulia kila mara kizingiti kinapovukwa, mchezo ungeharibika. Chafya moja, mlango uliobamizwa na upepo, au jogoo wa jirani angetosha kumwua mchezaji. Kwa sababu hiyo programu nyingi huweka kati ya sauti na shambulio kitu kinachoweza kuitwa hasira au shaka ya zimwi: hesabu inayopanda kwa kelele na kushuka kwa ukimya.

Mfano ufuatao wa kubuni waonyesha jinsi inavyofanya kazi. Kila kipande cha sauti kilichovuka kizingiti huongeza alama 4, na kila kipande cha ukimya hupunguza alama 1. Shambulio huanza alama zikifika 100. Kikohozi cha robo sekunde kina vipande vitano. Kitaleta alama 20, nazo zitafutika baada ya sekunde moja ya ukimya. Lakini mtu anayesema mfululizo atafikisha alama 100 kwa vipande 25, yaani sekunde moja na robo. Kwa njia hii zimwi husamehe ajali na kuadhibu upayukaji.

Liko jambo jingine la hila. Shambulio likianza kwenye 100 na kukoma mara tu alama zinaposhuka chini ya 100, zimwi litayumbayumba: hatua mbele, hatua nyuma, kama mtu asiyejua anachotaka. Dawa yake ni kuweka vizingiti viwili. Shambulio huanza kwenye 100, lakini halikomi mpaka alama zishuke hadi 30. Mchezaji atapaswa kunyamaza kwa sekunde tatu na nusu, jambo ambalo ni gumu kwa mtu mwenye hofu. Hapo ndipo mtengenezaji hupata alichokitaka, kwa maana mwili wa mchezaji mwenyewe, pumzi yake na mguno wake, vimekuwa sehemu ya vita.

Michezo inayojulikana imeitumia njia hii kwa namna mbalimbali. Katika Alien: Isolation wa mwaka 2014, kifaa cha kunasa sauti kilichounganishwa na mashine kiliweza kuruhusiwa kusikiliza chumba cha mchezaji, na kelele za chumbani zikamwita mnyama mwindaji. Katika Phasmophobia, uliotolewa mwaka 2020, mzuka unapowinda huweza kuvutwa na sauti ya mchezaji. Na mmojawapo wa mizuka hiyo, uitwao Yokai, hukasirishwa na maneno yanayosemwa karibu nao, lakini wakati wa kuwinda husikia sauti za karibu tu. Basi sauti ile ile inayouleta ugomvi haifiki mbali ugomvi ukishaanza. Katika Lethal Company wa mwaka 2023 wamo mbwa wasio na macho ambao huwafuata wachezaji kwa kuwasikia, na sauti za watu kupitia maikrofoni zimo katika yale wanayoyasikia.

Matatizo ya chumbani

Katika maabara mambo haya ni mepesi. Nyumbani si hivyo. Tatizo la kwanza ni kwamba zimwi laweza kujisikia lenyewe. Ngurumo yake hutoka katika spika, huingia katika maikrofoni, huhesabiwa kama kelele ya mchezaji, na huamsha shambulio ambalo huleta ngurumo nyingine. Tiba rahisi ni spika za kuvaa masikioni. Tiba ya pili ni ya hesabu: kwa kuwa programu inajua sauti iliyoitoa, hukadiria jinsi sauti hiyo itakavyorudi na kuiondoa katika ile iliyopokewa.

Tatizo la pili ni kelele za daima, kama feni, jenereta au mvua juu ya bati. Hizi hushughulikiwa kwa kupima kwanza ukimya wa chumba na kuuweka kizingiti juu yake. Tatizo la tatu ni tofauti za watu na vyombo. Maikrofoni moja hutoa kipimo kikubwa na nyingine kidogo kwa sauti ile ile. Mtu mmoja ana sauti nene na mwingine nyembamba. Bila kupima upya kwa kila mchezaji, mchezo humwadhibu mtu kwa chombo chake au kwa maumbile yake badala ya kumwadhibu kwa uzembe wake. Na yule asiyeweza kusema, au asemaye kwa shida, hapana budi awekewe njia nyingine ya kucheza. La sivyo kanuni ya sauti huwa mlango uliofungwa mbele yake.

Sauti inaporudi

Mpaka hapa sauti ya mchezaji imepimwa na kusahauliwa. Hatua inayofuata ni kuihifadhi. Njia inayotumika sana ni kutenga nafasi ya kumbukumbu iliyo kama duara: sampuli mpya huandikwa juu ya zile za zamani kabisa, hivyo kwamba daima zimo sekunde chache zilizopita tu. Sekunde 10 za maneno hutaka baiti 320,000, kiasi kidogo sana kwa kompyuta ya leo. Sauti inapovuka kizingiti, programu hujua kwamba maneno yameanza. Inaposhuka kwa muda, hujua yamekwisha. Kipande kilicho katikati hukatwa na kuwekwa akiba.

Wapenzi wa Lethal Company walitengeneza nyongeza ya namna hiyo kwa ajili ya mchezo huo. Nyongeza hiyo huzinasa sauti za wachezaji wakiongea, na baadaye mazimwi huzitoa kana kwamba ni zao. Mchezaji aliye peke yake katika ukumbi wenye giza husikia sauti ya rafiki yake ikimwita kutoka pembeni. Hawezi kuamua mara moja kama ni rafiki au ni kinywa cha mwindaji.

Udanganyifu huo hufaulu kwa sababu masikio mawili ya mtu hupokea sauti kwa nyakati zinazotofautiana kidogo. Sauti inayotoka kuume hufika sikio la kuume kwanza, na tofauti hiyo haizidi sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde. Hata hivyo ubongo huitambua na kuujua upande. Programu huiga tofauti hiyo katika spika za masikioni, huikuza sauti katika sikio lililo karibu na kuififisha katika lile la mbali, na hivyo huiweka sauti ya rafiki mahali hasa zimwi liliposimama.

Kwa upande wa kanuni za shambulio, sauti iliyonaswa yaweza kupewa kazi ya namna mbili, na mtengenezaji lazima achague. Ya kwanza ni kuiacha isikike kwa masikio ya watu tu. Hapo kanuni za shambulio hazikubadilika hata kidogo: zimwi lina mwendo ule ule na nguvu ile ile. Kilichobadilika ni mchezaji, ambaye sasa hujipeleka mwenyewe mpaka mdomoni mwa adui, au humkimbia rafiki wa kweli. Ya pili ni kuihesabu sauti hiyo kama kelele ndani ya ulimwengu wa mchezo. Hapo zimwi moja likitoa sauti iliyonaswa, mazimwi mengine husikia na kukusanyika, na maneno aliyoyasema mtu muda mrefu uliopita humletea adui mahali ambapo hata hakunyanyua mdomo. Kazi hii ya pili ni hatari zaidi kwa usawa wa mchezo, kwa kuwa mchezaji huadhibiwa kwa tendo lisilo lake wakati huo. Ndiyo maana hutakiwa alama fulani ya kumwezesha kutambua udanganyifu.

Alama iliyo bora imo katika asili ya sauti iliyonaswa yenyewe: haiwezi kujibu swali. Yaweza kusema "njoo huku", lakini ikiulizwa "umebeba nini mkononi?" itanyamaza au itasema jambo lisilohusika. Kwa hiyo wachezaji wana kinga iliyo wazi, nayo ni kuulizana kabla ya kukaribiana, kama walinzi wa usiku wanavyoulizana neno la siri. Watafiti wa wanyama wanalijua jambo la jirani na hilo. Mnyama akipigiwa sauti ile ile mara kwa mara bila kitu chochote kufuata, huizoea na kuacha kuijali. Kwa hiyo wao hubadilisha sauti na kuacha siku zipite kati ya jaribio na jaribio. Mtengenezaji wa mchezo naye, akilitumia zimwi mno, hulifanya kuwa kasuku.

Sikio linalojua maneno

Kupima ukubwa wa sauti hakubagui lugha. Ukelele wa Mswahili, wa Mjapani na wa Mfaransa ni namba tu. Mambo hubadilika mchezo unapotaka kuyajua maneno yenyewe, kama ilivyo katika Phasmophobia, ambamo mchezaji huuliza mzuka maswali na kupata jibu ikiwa maneno yake yametambuliwa.

Programu ya kutambua maneno huvunja sauti katika vipande vidogo, hupima katika kila kipande ni mitetemo gani iliyo na nguvu zaidi, kisha hulinganisha na mifumo iliyojifunza kutokana na sauti za watu wengi zilizokwisha kuandikwa maandishi yake. Haitoi jibu la hakika, bali hukadiria neno lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Kutokana na hayo, lugha isiyo na hazina kubwa ya sauti zilizonaswa na kuandikwa haina sikio la kuisikiliza. Mzuka wa mchezo, ambao hukasirishwa na kelele za mtu yeyote, huwa kiziwi kwa maneno ya yule ambaye lugha yake haikufundishwa.

Kiswahili kimeanza kujengewa hazina hiyo. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizomo. Kazi hii si ndogo, kwa maana Kiswahili husemwa kwa lafudhi nyingi. Mtu wa Mombasa, mtu wa Unguja na mtu wa Lubumbashi huandika neno moja lakini hawalitamki sawasawa. Na sikio lililofundishwa kwa lafudhi moja litawakosea wengine. Faida ya kazi hiyo haitakomea katika michezo. Sikio lile lile laweza kumsaidia asiyeona kutumia simu, au mkulima asiyejua kusoma kuuliza hali ya mvua.

Haki ya mwenye sauti

Linabaki swali la mali. Sauti ya mtu si kelele tupu; humtambulisha kama alama za vidole zinavyomtambulisha. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 huutaja utambuzi wa sauti miongoni mwa taarifa za kimaumbile za mtu, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mchezo unaopima ukubwa wa sauti na kuisahau mara moja hauchukui kitu. Mchezo unaoinasa na kuipeleka katika kompyuta za wachezaji wengine umechukua kitu cha mtu, hata kama nia ni kuchekesha.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu anayeona watoto wakicheza michezo hii anayo maswali matatu ya kuuliza. Je, sauti hupimwa tu au huhifadhiwa? Ikihifadhiwa, hukaa ndani ya mashine ya nyumbani au hupelekwa kwingine? Na je, hufutwa mchezo unapokwisha? Na lipo la nne, kwamba maikrofoni haimchagui mchezaji peke yake: humnasa pia mama anayezungumza jikoni na mgeni aliyebisha hodi, watu ambao hawakuombwa ruhusa wala hawajui kwamba maneno yao yaweza kusemwa na zimwi.

Simba wa Serengeti walipoufuata mlio na kufika, walikuta chombo kisichokuwa na harufu ya simba. Mtu yuko katika hali iliyo bora kuliko yao, kwa sababu yeye aweza kukijua chombo kabla ya kuisikia sauti. Akielewa kwamba zimwi halina sikio bali lina kizingiti, na kwamba sauti ya rafiki gizani yaweza kuwa baiti laki tatu zilizowekwa akiba dakika chache nyuma, atacheza kwa furaha zaidi na kwa hadhari inayofaa. Na atakapoipokea simu yenye sauti ya ndugu yake ikimwomba fedha kwa haraka, atakumbuka kanuni aliyojifunza mchezoni: aulize kwanza swali ambalo sauti iliyonaswa haiwezi kulijibu.